Tenzi za Mtu Aliyejiona Ametupwa

Leo twataka kukaa nanyi kitambo kidogo, tuzungumze habari za wimbo ambao karibu kila mmoja wenu amepata kuuimba, na habari za mtu aliyeutunga. Wimbo wenyewe ni ule wa chemchemi ya damu ya Imanueli. Umo katika kitabu chetu cha Tenzi za Rohoni, na mara nyingi tunauimba waumini wanapoisogelea Meza ya Bwana. Hata mzee asiyejua kusoma huuimba bila kitabu. Msingi wake ni neno la nabii Zekaria, mlango wa 13, aya ya kwanza.

Aliyeutunga alikuwa Mwingereza, jina lake William Cowper. Waingereza hulitamka jina hilo karibu kama sisi tusemavyo "kupa". Basi huyu Cowper ametupa sisi, na Wakristo wengine wengi mno ulimwenguni, maneno ya kuimba kwamba dhambi zetu zimeoshwa. Naye mwenyewe, katika miaka 27 ya mwisho ya maisha yake, isipokuwa vipindi vichache vifupi, alisadiki kwamba chemchemi ile imefunguliwa kwa watu wote ila yeye.

Jambo hili si la kupita juu juu. Katika ushirika wetu, hasa sisi tuliolelewa na mambo ya Uamsho, mtu husimama akashuhudia alivyotolewa gizani, nasi twaitikia kwa wimbo wa shangwe. Ni desturi njema, wala hatuisemi vibaya. Lakini tumemwona pia ndugu mwingine, yule anayeketi nyuma karibu na mlango. Hasimami, kwa kuwa hana ushindi wa kusimulia. Amesali hata amechoka, na mbingu kwake ni kama bati. Baada ya miezi michache haji tena, nasi twasema, "Fulani amerudi nyuma." Tukienda kwake, twaenda kumkemea. Ni kwa ajili ya ndugu huyo, na dada huyo, kwamba tumechagua habari hii.

Cowper alizaliwa mwaka 1731 katika mji mdogo wa Berkhamsted. Baba yake alikuwa kasisi wa kanisa la pale. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka sita tu, na uchungu ule hakuusahau hata uzeeni. Akapelekwa shule ya bweni, na huko mvulana mkubwa kuliko yeye akamtesa sana. Baadaye alisomea sheria London, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1754, ingawa kazi ile hakuipenda. Alimpenda binti wa amu yake, Theodora, wakataka kuoana, amu akakataa. Ni mambo ya kawaida ya maisha, yanawapata wengi, lakini mwenzetu huyu aliumbwa na moyo mwepesi wa kujeruhiwa.

Katika siku zile za London huzuni ilimwangukia kwa mara ya kwanza. Alilala nayo akaamka nayo. Ndipo akaokota kitabu cha mashairi cha George Herbert, akakisoma mchana kutwa. Alisimulia baadaye kwamba hakuona humo dawa ya ugonjwa wake, ila kila alipokisoma moyo ulipata nafuu kidogo.

Huyu Herbert ni nani? Alikuwa kasisi wa Kanisa letu la Anglikana miaka zaidi ya mia moja kabla ya Cowper. Alizaliwa mwaka 1593, akawa msemaji rasmi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, mtu wa kutazamiwa cheo kikubwa serikalini. Badala yake, mwaka 1630, akaenda kuchunga parokia ndogo ya Bemerton karibu na Salisbury. Hata miaka mitatu haikutimia akafa kwa kifua, kabla ya kutimiza umri wa miaka 40. Izaak Walton, aliyeandika maisha yake, asimulia kwamba Herbert alipokuwa kitandani karibu na kufa alimtumia rafiki yake Nicholas Ferrar mashairi yake, na ujumbe kwamba humo atakuta picha ya mashindano mengi yaliyokuwa kati ya Mungu na nafsi yake. Ferrar akiona yaweza kumfaa maskini yeyote aliyevunjika moyo, na ayapige chapa. La sivyo, ayachome moto. Ferrar hakuyachoma. Yalitoka mwaka ule ule wa 1633.

Tazameni neno hilo: mashindano. Kasisi yule aliyesali asubuhi na jioni pamoja na watu wake hakuona aibu kuandika kwamba kuna siku alimnung'unikia Mungu, akataka kuitupa kazi, akaona sala zake zarudi bila jibu. Yeye hakuandika hayo kama mtu aliyeiacha imani. Aliyaandika kama mtu anayegombana na Baba yake ndani ya nyumba, hajatoka mlangoni.

Sasa sikieni yaliyompata Cowper. Jamaa yake mmoja wa karibu sana alimwona akisoma kitabu kile, akamshauri akiweke mbali, kwa maana alidhani mwandishi wa namna hiyo atauongeza ugonjwa badala ya kuuponya. Mshauri alikuwa na nia njema. Nasi wachungaji tumefanya vivyo hivyo mara nyingi: mtu akija na swali zito twampa wimbo mchangamfu. Huenda kweli kuna mgonjwa ambaye maneno ya huzuni humzidishia. Lakini mtu aliye shimoni akisikia sauti ya mwingine aliyepata kuwa shimoni, hujua angalau kwamba shimo lile lina watu. Hilo si dogo.

Mwaka 1763 jamaa zake walimpatia kazi ya ukarani katika Bunge la Mabwana. Pakatokea ubishi, ikatangazwa kwamba lazima ahojiwe mbele ya Bunge kuonyesha kama aijua kazi. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kukosa usingizi siku mbili tatu. Yeye lilimvunja kabisa. Hofu ilimla miezi kadhaa hata akajaribu kujiua, tena si mara moja. Ndugu zake walimpeleka St Albans kwa daktari Nathaniel Cotton, aliyekuwa na nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili. Cotton alikuwa Mkristo mpole, naye mwenyewe mtunga mashairi, na tangu mwanzo alimchukua mgonjwa wake kama binadamu. Siku moja Cowper akakuta Biblia imeachwa juu ya benchi bustanini, akaifungua akasoma habari za Lazaro. Na katikati ya mwaka 1764, akisoma Warumi mlango wa 3, aya ya 25, juu ya upatanisho kwa damu ya Kristo, nuru ikamwingia. Alilia kwa furaha. Cotton, kwa busara ya tabibu, alishuku kidogo furaha ile ya ghafula, akamweka tena karibu mwaka mzima.

Alipotoka alikaa Huntingdon na nyumba ya kasisi mmoja, Unwin. Kasisi yule alipokufa mwaka 1767 kwa kuanguka toka juu ya farasi, Cowper na mjane, Mary Unwin, walihamia Olney, kwa sababu ya mhubiri mmoja aliyekuwa pale.

Mhubiri huyo mnamjua. Ni John Newton, yule aliyekuwa nahodha wa merikebu za watumwa. Dhoruba ya mwaka 1748 ndiyo aliyoihesabu kuwa mwanzo wa kumgeukia Mungu. Walakini tusiwafiche: baada ya dhoruba ile aliendelea na biashara ya watumwa, akawa nahodha tangu 1750 hata 1754, akiwasalisha mabaharia wake juu ya sitaha huku Waafrika wamefungwa minyororo chini. Wokovu wa roho yake ulitangulia. Macho yake yalikawia kufunguka. Mwaka 1764 alipewa ukasisi, akatumwa Olney.

Olney ulikuwa mji wa watu maskini, wengi wao wakifuma lesi vyumbani mwao kwa ujira mdogo. Newton alianzisha mikutano ya sala katika nyumba moja kubwa iliyokuwa haina watu, na kwa mikutano ile alitaka nyimbo mpya zenye maneno mepesi ambayo mfuma lesi ataelewa. Akamwomba Cowper amsaidie. Ndivyo zilivyozaliwa tenzi za Olney. Mpango ulikuwa wagawane kazi. Lakini kitabu kilipotoka mwaka 1779 kilikuwa na nyimbo 348, na katika hizo za Cowper hazikufika 70. Newton alieleza katika dibaji kwamba kazi ilicheleweshwa na ugonjwa wa rafiki yake, na kwamba kitabu kile alikitaka kiwe ukumbusho wa urafiki wao.

Ukiziweka nyimbo za hawa wawili mkono kwa mkono, utaona tofauti. Newton husimama ufukoni akitazama nyuma kwenye bahari aliyookolewa. Cowper huimba akiwa bado majini. Kuna wimbo wake mmoja juu ya kutembea na Mungu kama Henoko, alioutunga Desemba 1769 wakati Mary Unwin alipokuwa mgonjwa sana naye akimwogopea kifo. Wimbo ule hausemi kwamba mtunzi anatembea na Mungu. Unaomba kutembea naye. Unauliza imekwenda wapi ile furaha ya siku za kwanza za wokovu, wakiri kwamba kumebaki nafasi tupu moyoni ambayo ulimwengu hauwezi kuijaza. Ndugu zetu wa Uamsho wameuimba vizazi kwa vizazi. Ni maombolezo ya mwenye mashaka, na ndiyo maana unafaa: yule wa karibu na mlango aweza kuuimba bila kusema uongo.

Hata wimbo wa chemchemi, ukiutazama vizuri, unamtaja mwizi aliyesulubiwa pamoja na Bwana, na mtunzi anajiweka karibu na yule mwizi. Hajiweki karibu na Petro wala Yohana. Amechagua mahali pa chini kabisa palipo na tumaini.

Wimbo mwingine unajulikana zaidi katika Kiingereza, ule wa njia za Mungu zilizofichika. Wasimuliaji husema aliutunga mwanzoni mwa 1773, giza likianza kumfunika tena. Ulichapishwa mwaka uliofuata. Hapa yatupasa tuungame jambo. Kuna hadithi kwamba usiku mmoja Cowper alikodi gari la farasi limpeleke mtoni ili ajitupe, ukungu ukawa mzito, dereva akapotea njia, na gari liliposimama kumbe limemrudisha mlangoni pake. Akaingia ndani akaandika wimbo huo. Hadithi hiyo ni tamu, na sisi wenyewe tumeisimulia mimbarini. Lakini haina ushahidi wa kutosha, na imebadilishwa badilishwa na kila anayeisimulia. Tena yaharibu maana. Kwa hadithi ile wimbo unakuwa mwisho wa taabu, mtu ameokolewa, ametunga, amelala usingizi. Ukweli ni kinyume. Wimbo ulikuja kwanza, na giza lenyewe likaja baadaye.

Januari 1773 ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Mwezi wa Februari aliota ndoto, akasikia neno katika Kilatini kwamba yake yamekwisha, amepotea. Ndoto ile aliiamini kuliko mahubiri yote aliyoyasikia na kuliko nyimbo zote alizozitunga. Oktoba mwaka ule alisadiki kwamba Mungu anamdai ajitoe uhai, kama Ibrahimu alivyoagizwa juu ya Isaka, akajaribu tena. Aliposhindwa, akaona kwamba hata amri hiyo ya mwisho ameivunja, basi mlango umefungwa. Tangu hapo hakuingia tena kanisani kuabudu. Kutoka nyumba yake hata kanisa la Olney si safari ndefu, kengele alizisikia.

Newton alifanya nini? Hakumtenga. Aprili 1773 Cowper aliingia nyumbani kwa Newton, akakataa kuondoka, akakaa huko zaidi ya mwaka, hata Mei 1774. Fikirini nyumba ya kasisi, na kazi zake, na wageni wake, na ndani yake mgonjwa asiyesali, aliaye usiku, aliyepata kujaribu kujiua. Newton na mkewe Mary walimtunza, pamoja na Mary Unwin. Walijaribu maneno, walijaribu sala, na kwa elimu ya siku zile walijaribu dawa. Hakuna kilichoiondoa ile ndoto. Walibaki naye tu.

Baadaye wako waandishi waliomlaumu Newton, wakasema mahubiri yake makali juu ya kuchaguliwa na kukataliwa ndiyo yaliyomtia rafiki yake wazimu. Tumelitafakari jambo hilo. Kwanza, ugonjwa wa 1763 ulimpata kabla hajamjua Newton, tena kabla hajaongoka. Pili, Newton alifundisha kwamba aliyeokolewa na Kristo hawezi kupotea kamwe; Cowper aliamini kwamba yeye aliokolewa kweli kisha akatupwa, yeye peke yake katika ulimwengu wote. Hakuna kanisa lililomfundisha hivyo. Hata hivyo hatuwezi kusema mahubiri hayahusiki. Ugonjwa hauleti maneno yake wenyewe. Huazima maneno uliyoyakuta nyumbani. Kama mtu amesikia kila Jumapili habari za waliokataliwa, akiugua ataugua kwa lugha hiyo. Sisi tunaopanda mimbarini tusiyasahau haya tunapopaza sauti.

Cowper alipata nafuu kidogo kwa njia za kawaida kabisa. Alipewa sungura mdogo aliyekuwa akichezewa vibaya na watoto. Majirani wakamletea wengine, akawafuga watatu. Aliwaita Puss, Tiney na Bess, mawili yakiwa majina ya kike, ingawa wote walikuwa madume. Aliwatengenezea vibanda kwa mikono yake. Alipanda mboga na maua. Alirudi kuandika mashairi, maana alisema akili yake isipokuwa na kazi humrudia kumla. Kitabu cha mashairi kilitoka 1782, na mwaka 1785 shairi refu lililompa sifa Uingereza yote. Humo, katikati ya maelezo ya bustani na majira ya baridi, anajilinganisha na kulungu aliyechomwa mishale akaliacha kundi ili afe peke yake, akakutwa na Mmoja ambaye naye alikuwa na majeraha ya mishale ubavuni na mikononi. Aliyeandika maneno hayo alikuwa haingii kanisani. Twafanyaje na mtu kama huyo? Tumwite mwamini au asiyeamini?

Mchungaji mmoja rafiki yake, William Bull, alimwomba atunge tenzi tena. Cowper alimjibu kwamba aombwe yawezekanayo naye atayatenda, lakini asiombwe tenzi mtu aliyekata tamaa kama yeye. Basi Bull, mtu mwenye hekima, akamletea mashairi ya Kifaransa ya Madame Guyon, mwanamke aliyepata kufungwa kwa ajili ya mafundisho yake juu ya sala, akamwomba ayatafsiri. Hilo Cowper alilikubali, akalitimiza mwaka 1782. Hakuweza kumwambia Mungu "nakupenda" kwa jina lake mwenyewe. Aliweza kulisema kwa niaba ya mwingine. Sisi tunaona Bull alifanya kazi kubwa ya uchungaji siku ile, kuliko kama angalimhubiria saa tatu.

Kuna kazi nyingine inayotuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Mwaka 1788 Newton, sasa akiwa kasisi London, alichapisha kitabu kidogo akikiri aliyoyaona na kuyatenda katika biashara ya watumwa. Mwaka ule ule Cowper aliombwa aandike mashairi ya kuipinga biashara hiyo, akaandika. Moja ni kilio cha Mwafrika aliyeibwa kwao, akiwauliza wenye kumnunua kwa haki gani wamefanya hivyo. Lilienea Uingereza likaimbwa na watu wa kawaida. Wengi waliandika kuwaonea watumwa huruma toka mbali. Cowper aliandika kana kwamba yeye ndiye aliyefungwa, na pengine ni kwa kuwa alijua, kwa njia yake, ilivyo kwa mtu kuhesabiwa si mtu.

Miaka ya mwisho ilikuwa mizito. Mary Unwin alipooza. Cowper alimwuguza yule aliyemwuguza yeye. Binamu mmoja kijana, John Johnson, akawahamishia Norfolk, na huko Mary alifariki Desemba 1796. Machi 1799 Cowper aliandika shairi lake la mwisho katika Kiingereza. Alikuwa amesoma katika kitabu cha safari ya jemadari Anson habari za baharia aliyeanguka toka merikebuni wakati wa tufani. Wenzake walimwona akiogelea, walimtupia walivyoweza, lakini upepo haukuwaruhusu kugeuka. Aliogelea kitambo kirefu, kisha akazama. Cowper anasimulia hayo kwa utulivu wa kutisha, na mwisho anasema yeye naye alizama vivyo hivyo, katika maji marefu zaidi. Katika Marko mlango wa 4 kuna dhoruba pia, na Bwana amelala shetrini, akaamshwa, akaukemea upepo. Katika shairi hili hakuna anayeamka.

Wapendwa, tumelisoma shairi hilo mara nyingi, na hatutawaambia kwamba mwishoni kuna mwanga uliofichwa. Haupo. Lakini Kitabu chetu cha Sala, kile cha mwaka 1662, kimeweka Zaburi ya 88 isomwe jioni ya Ijumaa Kuu. Zaburi ile inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, na inaishia gizani, rafiki wote wamekwenda. Haina aya ya sifa mwishoni. Waliopanga Maandiko hawakuikata wala kuiongezea. Wameiacha hivyo, na Kanisa laisoma siku ambayo Bwana mwenyewe aliuliza kwa nini ameachwa. Kama hiyo ni sala, hatuoni kwa nini kilio cha Cowper kisisikiwe kama sala, ijapokuwa yeye hakukiita hivyo. Mtu asiyemwamini Mungu haombolezi kutupwa naye.

Mwezi uliofuata, tarehe 12 Aprili 1799, wachungaji na waumini kadhaa walikutana London wakaunda chama cha kupeleka Injili Afrika na Mashariki, ambacho baadaye kiliitwa CMS. Newton alikuwa mmoja wa wachungaji ambao mazungumzo yao ya miaka mingi yalikizaa chama hicho. Ni CMS iliyomtuma Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Na kwa mlango huo Kanisa letu liliingia Kenya. Kwa hiyo majira yale yale ambapo mmoja wa marafiki wawili wa Olney aliandika kwamba amezama, wenzake yule mwingine walikuwa wakitengeneza safari iliyotuletea, pamoja na Biblia, na nyimbo za yule aliyezama.

Cowper alikufa tarehe 25 Aprili 1800. Karibu na mwisho mwanamke aliyemwuguza alimletea kinywaji cha kumtia nguvu, akakikataa, akiuliza kitamfaa nini. Johnson aliandika kwamba baada ya kufa uso wake, uliokuwa na huzuni miaka yote ile, ulikuwa umetulia, na ndani yake mlikuwa na kitu kama mshangao mtakatifu. Wahubiri wanaipenda sana habari hiyo. Sisi twaipokea kama faraja ya kijana aliyempenda mzee wake, lakini hatuwezi kujenga mafundisho juu ya uso wa maiti.

Newton wakati huo alikuwa mzee wa miaka 74, macho yamefifia. Alihubiri mahubiri ya kumkumbuka rafiki yake, na hakuchagua aya ya ushindi. Alichagua Kutoka, mlango wa 3, habari ya kile kijiti jangwani. Akawaambia watu kwamba Cowper alikuwa kijiti kilichowaka moto miaka 27, wala hakikuteketea, kwa sababu Bwana alikuwamo.